Lenzi Iliyonenepa Njiani

Otaniemi, 12 Januari 1987

Babu Eevert,

Shikamoo. Huku baridi imefika nyuzi thelathini chini ya sifuri, mabasi yamegoma kuwaka, na mimi nakwenda kazini kwa skii nikiwa nimejifunika uso mpaka mlinzi wa getini ananidai kitambulisho kila asubuhi. Mama anakusalimu kutoka Sweden. Anasema kama huivai ile fulana ya sufu aliyokuletea wakati wa mazishi ya Bibi, atakuja mwenyewe kukuvisha. Na mbwa wako Musti je? Bado analala na kiatu cha Bibi mdomoni?

Nimekupigia simu Jumapili tatu mfululizo, inaita tu mpaka inakata. Ndiyo maana naandika.

Babu, nina kazi kwa ajili yako. Tunatengeneza kipokezi cha sahani kubwa ya redio iliyoko msituni Kirkkonummi. Mawimbi yanayotoka huko angani ni mafupi mno, milimita tatu tu kutoka wimbi hadi wimbi, na mdomoni mwa antena lazima ikae lenzi ya kuyakusanya, kama miwani yako inavyokukusanyia herufi za gazeti. Ila hii si ya kioo. Ni ya Tefloni, ile ile nyeupe unayokerezea pete za mashine za maziwa. Kipenyo milimita mia na ishirini, uso mmoja umetuna, na juu yake mifereji myembamba ya duara, mmoja ndani ya mwingine, ili mawimbi yasigonge na kurudi yalikotoka. Mchoro nimeuchora mwenyewe, umo ndani ya bahasha hii. Gogo la Tefloni linakuja kwa basi.

Daktari Ahlroos, mkuu wangu, alitaka tuipeleke karakana kubwa ya mjini. Nikamwambia kuna mtu Kauhava amekereza Tefloni miaka kumi na moja na hajarudishiwa hata pete moja. "Nani huyo?" "Babu yangu." Akacheka weee, kisha akakubali. Kwa hiyo usiniaibishe, mzee.

Kipokezi lazima kipande juu ya sahani kabla Machi haijaisha. Theluji ikianza kuyeyuka hewa inajaa unyevu, na unyevu unayameza mawimbi haya yote. Tukiikosa Machi tumekosa mpaka majira mengine ya baridi, na mkataba wangu wa kazi unaisha Juni.

Jitunze. Chomeka simu.

Mjukuu wako,
Terhi


Kauhava, 3 Februari 1987

Terhi,

Marahaba, mjukuu wangu. Barua imefika, gogo limefika, na mke wa jirani naye amefika na sufuria ya supu ya njegere, kama anavyofanya kila Alhamisi, akidhani mjane hajui kuchemsha maji. Nimekula. Ilikuwa na chumvi nyingi. Mwambie mama yako fulana naivaa, inawasha. Musti yu mzima, na kile kiatu bado anakilalia. Nilijaribu kukichukua akaninung'unikia, nikamwachia.

Simu nimeichomoa tangu Oktoba. Ilikuwa simu ya bibi yako, si yangu. Watu walikuwa wanapiga kunipa pole, nami sijui mtu anayepewa pole anatakiwa aseme nini mara ya arobaini.

Lenzi yako hii hapa. Nimeifunga katika soksi ya sufu na kuilaza ndani ya maranda. Nilikereza kwanza kisahani cha majaribio cha kipenyo kile kile ili mkono uzoee, kipo rafuni, kisha nikaikereza yenyewe siku mbili. Nilifanya kazi asubuhi na mapema kama kawaida yangu, ijapokuwa ndoo ya maji ilikuwa na ganda la barafu na ikabidi nivae koti la bibi yako Hilja la kukamulia ng'ombe juu ya langu. Mafuta ya mashine yalikuwa mazito kama asali. Lakini Tefloni ilikatika vizuri, maranda yakatoka marefu meupe hadi sakafuni. Kipenyo ni mia na ishirini kamili. Nimepima mara nne.

Mwambie huyo daktari wako anayecheka kwamba asiishike na vidole vyenye siagi.

Gazeti siku hizi silisomi sana. Hakuna habari.

Babu yako,
Eevert


Otaniemi, 13 Februari 1987

Babu mpendwa,

Shikamoo. Soksi imefika salama na nimeivaa mguu mmoja, nangoja mwenzake. Baridi imelegea kidogo. Jana tulikula zile keki ndogo za jemu zilizobaki tangu wiki iliyopita, ngumu kweli, nikakukumbuka ulivyokuwa ukizichovya kwenye kahawa na Bibi akikugombeza.

Lenzi ni nzuri sana kwa macho. Kila mtu hapa ameisifia mifereji yake.

Babu, hiyo mara nne uliyopima, ulipima kwa ile maikromita yako ya zamani? Na ni lini mara ya mwisho ilipokaguliwa? Nauliza tu.

Wako,
Terhi


Kauhava, 20 Februari 1987

Terhi,

Marahaba. Theluji imefika dirishani. Mimi na Musti tunakula mkate mweusi na samaki wa chumvi, tukichoka na hao tunakula samaki wa chumvi na mkate mweusi.

Nilikufundisha kusoma maikromita ukiwa na miaka sita, umesimama juu ya kreti la maziwa. Mtu ambaye kipimo chake kimekaa sawa hamuulizi mwenzake alipima kwa kitu gani. Wala hasemi lenzi ni nzuri "kwa macho". Usinizungushe. Nipe namba.

Eevert


Otaniemi, 25 Februari 1987

Babu,

Shikamoo. Mama yu mzima, mimi ni mzima, na nimeandika barua hii mara tatu nikaichana.

Namba ni mia na ishirini na nusu. Lenzi imezidi nusu milimita, Babu, na haikuingia kwenye pete yake ya alumini. Mimi sikuwepo siku hiyo. Daktari Ahlroos aliisukuma kwa kiganja mpaka ikaingia, ikajikunja kama mfuniko wa kopo, na tulipowasha kipokezi kikawa kinatazama pembeni. Tunaielekeza antena mashariki, yenyewe inasikia kaskazini mashariki. Nimeitoa tena lakini haikurudi umbo lake sawasawa.

Akasema, "Ndiyo hivyo tena, mzee wa kijijini." Nikamjibu vibaya mbele ya watu. Sijutii.

Mimi najua ulivyo. Lazima kuna kitu. Tafadhali chomeka simu tuongee.

Terhi


Kauhava, 3 Machi 1987

Terhi,

Habari za hapa si mbaya. Jua limeanza kuonekana juu ya ghala la jirani saa sita mchana.

Kitu kipo, na nimekificha. Jicho langu la kulia limeingia ukungu tangu kiangazi kilichopita. Ni mtoto wa jicho. Bibi yako ndiye aliyekuwa akinisomea gazeti, akidai eti anapenda kusoma kwa sauti. Nilipopima lenzi yako niliona mia na ishirini kamili, mara zote nne, na ningeapa mbele ya kasisi. Sasa unaniambia kuna nusu milimita sikuiona. Nusu milimita, Terhi! Hata mwanafunzi wa siku ya kwanza anaiona nusu milimita.

Mkerezaji asiyeona nusu milimita si mkerezaji. Mashine ya kukerezea nimemuuzia Pentti Luoma wa Lapua, anatengeneza matrekta. Anakuja na lori Jumamosi ya tarehe kumi na nne. Nimeifuta, nimeipaka mafuta, nimepanga visu vyake ndani ya sanduku. Sina neno nayo.

Umenitetea mbele ya wakubwa zako nami nimekuangusha. Nisamehe. Ipelekeni kazi hiyo mjini kama alivyotaka yule daktari.

Babu


Otaniemi, 9 Machi 1987, kwa posta ya haraka

BABU, USIMPE PENTTI MASHINE!

Shikamoo, na unisamehe naanza kwa kupiga kelele.

Leo asubuhi tulikwenda Kirkkonummi kuitazama sahani. Lenzi yako iliyoharibika niliitupa nyuma kwenye buti la gari, pamoja na pete yake. Nje ilikuwa nyuzi kumi na tano chini ya sifuri. Tulipofika nikamwambia fundi wa kule, "Hebu ona jinsi inavyogoma," nikaiweka juu ya pete ili nimwonyeshe. Babu, ilitumbukia. Ilitumbukia yenyewe, hata sikuigusa! Tukatazamana. Tukaiacha hapo mezani tukaenda kunywa kahawa, na tuliporudi ilikuwa imeng'ang'ania ndani, hatukuweza kuitoa kwa kidole wala kwa ubao.

Nimerudi ofisini nikafungua kitabu. Tefloni ina tabia moja ya ajabu. Ikiwa chini ya nyuzi kumi na tisa inajibana, ikivuka hapo inavimba ghafla, kuliko chuma, kuliko plastiki yoyote unayoijua. Kwa kipenyo cha mia na ishirini, tofauti kati ya chumba cha baridi kali na chumba cha joto ni karibu nusu milimita.

Uliandika kwamba ndoo iliganda barafu. Nimeisoma barua yako leo tena, na mstari huo umo mle tangu tarehe tatu Februari, nami niliupita nikicheka koti la kukamulia ng'ombe. Ulipima mia na ishirini kwa sababu ILIKUWA mia na ishirini. Lenzi imenenepa njiani, kwenye basi lenye joto.

Sasa la kwangu. Juu ya mchoro kama ule, mhandisi anatakiwa aandike kipande kipimwe katika joto gani. Ni mstari mmoja tu. Sikuuandika. Wiki mbili nilikuacha ujione kipofu kwa kosa langu, na jingine ambalo sikukuambia ni kwamba Ahlroos alikwisha piga simu karakana ya mjini. Leo nimekwenda kwake nikamwonyesha mchoro, nikamwambia kosa ni la T. Rintala, yaani mimi. Naye kasema, "Na mimi ndiye niliyeisukuma." Ametupa mpaka tarehe ishirini.

Kuna kitu kimoja sikielewi. Zile pete za mashine za maziwa, miaka kumi na moja, karakana ile ile, baridi ile ile. Mbona zile hazikunenepa hata moja?

Barua hii ikikufikia baada ya lori la Pentti sijui nitafanya nini. Nitamfuata Lapua nikalale juu ya mashine.

Terhi wako


Kauhava, 18 Machi 1987

Mjukuu wangu Terhi,

Marahaba, marahaba, marahaba. Barua yako ililetwa Ijumaa mchana. Niliisoma na miwani, halafu na miwani na kioo cha kukuzia stempu, halafu nikamtuma Musti amlete mke wa jirani anisomee kwa sauti, maana sikujiamini. Musti hakwenda, nikaenda mwenyewe.

Nilikuamini nusu. Nusu nyingine nilisema mtoto ananionea huruma, amejitwisha kosa ili babu yake asiaibike. Nikaamua Pentti atakuwa shahidi, yeye hanionei huruma hata kidogo.

Akafika Jumamosi saa mbili asubuhi na lori, winchi na shemeji yake.

"Haya, Eevert, mashine iko wapi?"

"Ipo palepale ilipo tangu mwaka arobaini na tisa."

"Mbona mlango hujaung'oa? Si tulikubaliana ung'oe mlango?"

"Kwanza nisomee hii," nikampa maikromita na kile kisahani cha majaribio nilichokiacha rafuni tangu Januari. Mimi nilikwisha kukipima nikaandika namba kwenye karatasi, karatasi nimeikalia. Karakana ilikuwa baridi ile ile.

"Mia na ishirini," akasema. "Kamili. Kwani wewe huoni?"

"Hilo ndilo tunalolitafuta. Sasa washa jiko."

"Nimekuja kuchukua mashine, sikuja kukuwashia jiko!"

"Washa, mkate mtamu upo, wa iliki."

Shemeji yake aliposikia mkate akaanza kupasua kuni bila kuambiwa. Tukawasha, tukafunga mlango, tukanywa kahawa birika mbili. Kipimajoto cha ukutani kilipofika ishirini na mbili tukangoja saa nzima zaidi, wakinung'unika wote wawili. Kisha nikapima, nikaandika, nikakalia karatasi ya pili. Nikampa Pentti.

Akapima. Akakifuta kisahani, akapima tena. Akanikodolea macho.

"We mzee, umekibadilisha."

"Sijatoka kwenye kiti hiki."

"Mia na ishirini na nusu! Kidogo chini ya nusu! Umekibadilisha wakati nakata mkate!"

Nikainuka, nikamwekea karatasi zangu mbili juu ya goti. Namba zangu na namba zake zilikuwa zile zile, hadi tarakimu ya mwisho. Terhi, sijui nikuelezeje. Kitu kilichokuwa kimenikaa kifuani tangu Februari kilishuka chote kwa mpigo. Nilikuwa nimeona vizuri. Mara zote nne nilikuwa nimeona vizuri.

Halafu nikakumbuka swali lako la pete za maziwa.

Nilikuwa nimekaa pale, jiko linawaka, mafuta ya mashine yananukia kama yanavyonukia yakipata joto, na nikatambua kwamba harufu ile sijaisikia tangu Oktoba. Kila siku ya kazi, saa kumi na mbili asubuhi, nilifungua mlango nikakuta karakana ina joto. Kila siku. Nikavua koti nikalitundika, nikaanza kazi. Sikuwahi kujiuliza. Nadhani nilidhani karakana yangu ina joto lake yenyewe. Ni Hilja. Alikuwa akiamka saa kumi alfajiri kwenda kukamua, anapita kwanza karakanani kuwasha jiko. Ng'ombe tuliwauza mwaka themanini na mbili, lakini aliendelea kuamka saa kumi. Niliwahi kumuuliza anaamkia nini na ng'ombe hawapo. Akasema, "Nimezoea."

Miaka kumi na moja nimesifiwa pete zangu, nikasifika mpaka kwa madaktari wa Otaniemi. Na nusu ya kazi ile aliifanya yeye, kwa kiberiti, hakusema, wala mimi sikumshukuru hata siku moja.

Nililia, mbele ya Pentti Luoma na shemeji yake. Pentti akasema anaona kuni zimepungua, wakatoka nje wote wawili, wakapasua kuni mpaka saa nane. Zitanifikisha Mei. Aliporudi akaniuliza, akitazama dari, "Na mashine?"

"Tulikubaliana uichukue mashine ya mzee kipofu," nikamwambia. "Huyo mzee hayupo hapa."

"Nilijua tu," akasema. "Nilijua tangu uliponiambia nikuwashie jiko. Basi nipe mkate uliobaki." Nikampa.

Lenzi ya pili hii hapa. Nimeikereza Jumatatu na Jumanne kutoka nusu ya gogo iliyobaki. Moto nimewasha saa kumi, nikangoja Tefloni ikae kwenye joto kwa muda wa saa nne kabla ya kuigusa. Ishirini na mbili na nusu wakati wote. Mke wa jirani amepima baada yangu, kwa sababu nimemfundisha, na kwa sababu supu yake ya wiki iliyopita haikuwa na chumvi nyingi. Ina soksi ya pili.

Jicho nimelipeleka hospitali Seinäjoki. Watalipasua tarehe saba Aprili, wanasema ni kitu cha nusu saa. Kumbe ningeweza kwenda tangu kiangazi.

Na wewe acha kujilaumu. Mstari mmoja ulisahau. Mimi nilisahau mtu mzima.

Babu yako,
Eevert

Simu nimeichomeka.


Otaniemi, 29 Machi 1987

Babu yangu,

Shikamoo. Najua tumeongea Jumanne kwa simu, na Alhamisi, na jana, na kwamba unapiga kelele kwenye simu ukidhani Otaniemi ni mbali. Lakini kuna kitu nataka ukipate kwa karatasi.

Kwanza yale unayoyajua, kwa sababu napenda kuyaandika. Lenzi iliingia kwenye pete kwa uzito wake. Kipokezi kilipanda juu ya sahani tarehe ishirini na tatu, hewa kavu, anga jeupe. Tuliielekeza antena mashariki ikasikia mashariki. Daktari Ahlroos alisimama mbele ya mashine inayochora mawimbi kwenye karatasi, akitazama kalamu inavyopanda antena ilipoielekea nyota tuliyoichagua kwa majaribio, mahali hasa ilipotakiwa kupanda, akasema polepole, "Mzee wa kijijini." Safari hii sikumjibu vibaya. Theluji imeanza kudondoka kutoka kwenye misonobari jana. Tumewahi kwa siku tano. Ameomba niongezewe mkataba miaka miwili, na mimi nimelala usingizi wa kweli kwa mara ya kwanza tangu Februari.

Sasa hicho kitu. Nimeuchora mchoro upya, kwa ajili ya lenzi nyingine sita wanazozitaka, zote kwako. Nimekuwekea nakala. Utaona juu yake mstari ninaodaiwa: ikerezwe na kupimwa katika nyuzi ishirini na tatu. Halafu tazama kona ya chini kulia, pale kwenye kisanduku cha majina, ambapo ni lazima kila aliyeshiriki kazi aandikwe na mkuu atie sahihi.

Ahlroos aliusoma akasita. "Huyu wa tatu ni nani? Simjui." Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akachomoa kalamu, akatia sahihi, na mchoro umeingia kwenye kabati la chuma ambako michoro haitupwi kamwe. Kioo cha kukuzia hutakihitaji, nimeandika kwa herufi kubwa:

Mchoro: T. Rintala.
Kukereza: E. Rintala.
Moto: H. Rintala.

Terhi